NET: NENO DOGO, HESABU KUBWA

Somo la Kiingereza cha Kila Siku

Jioni moja tulikuwa darasani katika kijiji kimoja cha upande wa Kinole, huko juu milimani Uluguru. Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu. Wanakisomo walikuwa wakiingia mmoja mmoja, wengine na majembe yao begani. Mama mmoja, mkulima wa karafuu, hakukaa. Alikuja moja kwa moja mpaka mezani, akafungua fundo la khanga, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Mwalimu," alisema, "hebu nitazamie hapa. Mimi nimesoma nikaona neno NET. Sasa mimi sikununua neti kwa yule bwana. Nimemwuzia karafuu tu. Mbona ananiandikia neti?"

Darasa zima lilicheka. Na sisi tulikaribia kucheka. Lakini tukaitazama ile karatasi vizuri. Ilikuwa ni stakabadhi ya mauzo, na imeandikwa hivi:

Magunia: 4
GROSS: kilo 208
TARE: kilo 8
NET: kilo 200

Tukamweleza. "Mama, hii NET siyo chandarua. Hii ni uzito uliobaki baada ya kuondoa uzito wa magunia. Umelipwa karafuu kilo 200." Mama akashukuru, akaenda kukaa. Tukadhani jambo limekwisha.

Ndipo mzee mmoja aliyekaa nyuma, ambaye kwa kawaida hasemi sana, akanyosha mkono. "Mwalimu, neno tumelielewa. Lakini magunia manne matupu yana kilo nane? Wewe umeyapima?"

Tukanyamaza. Hatukuyapima.

Somo letu la leo limetoka katika maswali hayo mawili: swali la mama na swali la mzee. Neno NET lina herufi tatu tu. Lakini tunakutana nalo kwenye mfuko wa mbolea, kwenye chandarua, kwenye stakabadhi ya mnunuzi, kwenye karatasi ya mshahara wa kijana wetu aliye mjini, na hata kwenye mkopo. Tusipolijua vizuri, linaweza kutugharimu fedha.

NENO MOJA, MAANA NYINGI

Kwanza tusishangae kuona neno moja lina maana nyingi. Hata Kiswahili chetu kiko hivyo. Tuchukue neno KATA. Tunasema kata kuni. Tunasema diwani wa kata. Tunasema kata ya kuchotea maji mtungini. Na mama anayeshuka na mkungu wa ndizi kutoka mlimani huweka kata kichwani, ambayo wengine tunaiita ngata.

Sasa je, ukisikia "diwani wa kata amefika", utakimbilia mtungini? Hapana. Unajua mara moja ni kata ipi. Umejuaje? Umejua kwa sababu ya neno "diwani" lililo karibu nayo. Neno hujulikana kwa jirani zake.

Na Kiingereza ni hivyo hivyo. Ukiliona neno NET, usiliulize maana yake likiwa peke yake. Tazama limekaa na nani.

NET YA KWANZA: WAVU

NET ya kwanza ni wavu. Hili ni neno la zamani sana katika Kiingereza. Maana yake ni kitu kilichofumwa kwa nyuzi, chenye matundu, cha kunasia au kuzuia kitu.

Hapa Kiswahili ni tajiri. Wavu wa samaki kwa Kiingereza ni FISHING NET. Sisi tunao wavu, tunalo jarife, tunalo juya, tunacho kimia cha kurusha kwa mkono. Na wavu wa kuzuia mbu tunauita chandarua. Kiingereza kinauita MOSQUITO NET, yaani wavu wa mbu. Kutoka hapo ndipo watu wengi siku hizi wanasema "neti". Ndiyo maana mama yetu alipoona NET alifikiri kitanda. Hakukosea kusoma. Alisoma sawasawa, ila NET ile ilikuwa nyingine.

Mkoa wetu wa Morogoro una historia katika jambo hili la chandarua. Mwaka 1996 ulianzishwa mradi ulioitwa KINET katika wilaya za Kilombero na Ulanga. Katika jina hilo, KI ni ya Kilombero, na NET ni hii hii ya chandarua. Mradi uliuza vyandarua na dawa ya kuvichovya kwa jina la Zuia Mbu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba matumizi ya vyandarua vyenye dawa yaliambatana na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa umri wa mwezi 1 hadi miaka 4. Kwa hiyo NET hii tusiidharau. Isitumike kuzungushia kuku wala kuvulia samaki. Ifungwe juu ya kitanda.

Ziko NET nyingine za ukoo huu wa wavu:

NETBALL ni mpira wa pete, ule wanaocheza wasichana shuleni. Jina limetoka kwenye kile kiwavu kinachoning'inia kwenye pete.

NETWORK ndiyo ile "netiweki" tunayoitafuta na simu mpaka tunapanda juu ya jiwe. Maana yake ni kitu kilichounganika kama nyuzi za wavu: mnara huu unashikana na ule, na ule na mwingine. Waswahili waliita jambo hilo mtandao, kutokana na kutanda, kama utando wa buibui. Ni wazo lile lile.

SAFETY NET ni wavu wa usalama. Wanasarakasi wanaocheza juu kwenye kamba hufungiwa wavu chini yao, ili mtu akianguka asifike ardhini. Ule mpango wa TASAF wa kusaidia kaya zenye shida, ulioanza mwaka 2012, una maneno haya haya katika jina lake la Kiingereza. Kwa Kiswahili haukuitwa "Wavu wa Usalama". Uliitwa Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini. Waliotafsiri walifanya vizuri. Walitazama maana, hawakutazama neno.

NET YA PILI: KILICHOBAKI

Sasa tunafika kwenye NET ya pili. Hii siyo ndugu wa ile ya kwanza. Zinafanana sura tu, kama mbuzi wa kuchunga na mbuzi wa kukunia nazi.

NET hii Waingereza waliichukua kutoka kwa Wafaransa. Kwa Kifaransa maana yake ilikuwa "safi". Na Wafaransa waliipata katika neno la Kilatini, nitidus, maana yake "inayong'aa". Wafanyabiashara wa zamani walipotoa mfuko, wakatoa na takataka, kile kilichobaki wakakiita NET, yaani safi. Hata sisi tunasema hivyo: "nimepata laki mbili safi", yaani baada ya kutoa gharama zote.

NET hii ina wenzake wawili. Wote watatu tuwajue vizuri.

GROSS ni jumla kabla ya kutoa kitu. Kwa Kiswahili tunasema uzito wa jumla, au mshahara ghafi. Ghafi ni kitu ambacho bado hakijasafishwa, kama pamba ghafi.

TARE ni uzito wa chombo peke yake: gunia, debe, tenga au ndoo. Neno hili lina asili ya Kiarabu, na maana yake ni kinachotupwa, kinachoondolewa. Utaliona kwenye kitufe cha mizani ya kidijiti. Ukiweka bakuli tupu ukabonyeza TARE, mizani inarudi sifuri. Hapo inapima kitu tu, bila bakuli.

NET ni kinachobaki.

Hesabu yake ni moja tu, na ni nyepesi:

GROSS kutoa TARE ni NET.

Mizani ya magari makubwa kwenye barabara kuu, kama ile ya Mikese, hupima lori pamoja na shehena yake. Hiyo ni GROSS. Ukitoa uzito wa lori likiwa tupu, ambao ni TARE, unapata uzito wa mzigo wenyewe, ambao ni NET. Lori ni kubwa na gunia ni dogo, lakini hesabu ni ile ile.

KANUNI YA KUKUMBUKA

Wanakisomo wengi wanauliza, sasa tutazitofautishaje hizi NET mbili? Iko kanuni rahisi. Haikosi mara nyingi.

NET ikitangulia neno la uzito au la fedha, ni "kilichobaki". NET WEIGHT, uzito halisi. NET PAY, mshahara unaobaki mkononi. NET PROFIT, faida halisi. NET PRICE, bei baada ya punguzo.

NET ikija nyuma ya neno jingine, ni "wavu". MOSQUITO NET. FISHING NET. SAFETY NET.

Na NET ikisimama peke yake kando ya tarakimu, kama kwenye karatasi ya yule mama, ni "kilichobaki". Chandarua hakihesabiwi kwa kilo.

Ukishajua kwamba ni NET ya "kilichobaki", usiishie hapo. Uliza maswali mawili: Kimetolewa nini? Kimetolewa kiasi gani? Sisi tulimweleza mama maana ya neno, tukasahau kuuliza swali la pili. Yule mzee ndiye aliyeliuliza.

TULIPIMA MAGUNIA

Kipindi kilichofuata tuliwaomba wanakisomo waje na viroba vitupu vya sandarusi, vile vile wanavyouzia karafuu na pilipili manga. Tukaazima mizani ya duka.

Kiroba kimoja kwenye mizani hakionekani sana, mshale unatikisika tu. Kwa hiyo tulitumia akili. Tulifunga viroba 10 pamoja, tukavipima. Vilikuwa kilo 1 na gramu 200. Tukagawa kwa 10. Kila kiroba ni gramu 120.

Tukaandika ubaoni:

Kiroba 1: gramu 120
Viroba 4: gramu 480, yaani hata nusu kilo haifiki
Vilivyokatwa: kilo 8
Kilichozidi: kilo 7 na gramu 520

Tukafanya hesabu ya fedha. Tuseme bei ya karafuu ni Sh. 10,000 kwa kilo, ili hesabu iwe nyepesi. Kilo 7 na gramu 520 mara Sh. 10,000 ni Sh. 75,200. Hizo ni fedha za magunia manne tu, za mama mmoja, kwa siku moja.

Darasa lilikaa kimya. Kisha kila mtu akaanza kutafuta karatasi zake za zamani. Wengine walikuwa wamezitupa. Wengine walikuwa wamewashia moto.

Tuseme kweli pia upande wa pili. Mnunuzi ana haki ya kutolipia gunia. Amekuja kununua karafuu, hakuja kununua mfuko. Na kama karafuu ni mbichi au zina vijiti, ana haki ya kusema. Lakini kila kinachokatwa kitajwe jina lake na kipimwe. Gunia la katani au la juti ni zito, linaweza kukaribia kilo moja au kupita. Pengine desturi ya kukata kilo mbili kila gunia ilianza zamani, wakati wa magunia hayo. Magunia yamebadilika yakawa viroba, lakini kilo mbili zimebaki pale pale.

Msimu ulipoendelea, wanakisomo wa kijiji kile walikwenda kuuza kwa pamoja. Walichukua viroba 10 vitupu, wakamwomba mnunuzi avipime mbele yao. Alinuna kidogo. Akapima. Akaona mwenyewe. Siku hiyo kwenye TARE ya magunia manne aliandika nusu kilo.

Kilo nane za kwanza za yule mama hazikurudi. Karatasi ilikuwa imekwisha kukubaliwa na fedha zilikwisha kupokelewa. Lakini siku hizi hachukui fedha kabla hajasoma mistari yote mitatu.

MAHALI PENGINE TUNAPOKUTANA NA NET

Kwenye mfuko wa mbolea. Ndugu zetu wa Mgeta, wanaolima kabichi, karoti na viazi kule Nyandira na Langali, wananunua mbolea kila msimu. Juu ya mfuko pameandikwa NET WEIGHT 50 KG, au kwa kifupi NET WT. Maana yake mbolea yenyewe ni kilo 50, bila mfuko. Kwa hiyo ukiuweka mzima kwenye mizani lazima uzidi 50 kidogo. Ukikuta 47, jamani, usibebe. Tazama mshono: je, ni wa kiwandani, au umeshonwa upya kwa mkono? Uliza hapo hapo dukani. Ukishafika nyumbani hutakuwa na la kusema.

Kwenye chupa na kopo. Chupa ya dawa ya mimea huandikwa NET CONTENT, yaani kilichomo ndani. Ukikuta chupa mbili zina bei moja, usitazame ukubwa wa chupa. Soma NET. Chupa inaweza kuwa nene na dawa ikawa kidogo.

Kwenye mshahara. Kijana wako amepata kazi ya ulinzi mjini. Anakuambia, "Baba, nalipwa laki tatu." Mwisho wa mwezi analeta malalamiko kwamba amepunjwa. Mwambie alete karatasi ya mshahara. Tuseme GROSS ni Sh. 300,000. Chini yake pameandikwa mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii, Sh. 30,000. NET PAY ni Sh. 270,000. Hapo hajapunjwa, mradi ule mchango unafika kweli kwenye mfuko. Kwa hiyo aende akaulize taarifa ya michango yake. Makato mengine ni akiba yetu ya uzeeni, lakini lazima tuyafuatilie.

Kwenye mkopo. Hapa tuwe macho. Umeomba mkopo wa Sh. 1,000,000. Wamekata ada ya fomu Sh. 30,000 na bima Sh. 20,000. Umepokea NET Sh. 950,000. Sasa uliza: riba inahesabiwa juu ya kiasi gani? Mara nyingi inahesabiwa juu ya ile milioni nzima. Unalipia hata fedha ambazo hukuzishika. Siyo kwamba usikope. Kopa, ila ujue unacholipia.

Kwenye shamba lako mwenyewe. Hapa ndipo tunapojidanganya zaidi, maana hapa mnunuzi na mwandishi wa stakabadhi ni sisi wenyewe. Mkulima anauza kabichi za Sh. 600,000. Anarudi anasema, "Mwaka huu nimepata laki sita." Hebu tuhesabu pamoja naye:

Mauzo yote (GROSS): Sh. 600,000
Mbegu: Sh. 60,000
Mbolea: Sh. 140,000
Dawa: Sh. 50,000
Vibarua: Sh. 90,000
Usafiri hadi mjini: Sh. 110,000
Jumla ya gharama: Sh. 450,000
Kilichobaki (NET): Sh. 150,000

Kumbe amepata laki moja na nusu. Na hapo bado jasho lake na la mke wake hatujalihesabu. Akiahidi ada ya shule na mabati kwa kufuata ile laki sita, ataingia kwenye deni. Akipanga kwa kufuata NET, atalala usingizi.

SHERIA INASEMAJE

Nchi yetu ina Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na iko Wakala wa Vipimo ya kuisimamia. Mizani inayotumika kwa biashara lazima ikaguliwe na kuwekewa alama ya ukaguzi. Ukiwa sokoni, iwe ni gulioni kijijini au Soko Kuu la Chifu Kingalu mjini Morogoro, una haki ya kuiangalia alama hiyo na kutazama kama mwaka wake haujapita.

Sheria pia inakataza lumbesa. Gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100. Lile gunia lenye kichwa kama mlima, lililoshonewa kamba juu, linamwibia mkulima. Lumbesa na ile TARE ya uongo ni mtu na ndugu yake. Moja inakuibia kwa kuongeza bila kupima, nyingine inakuibia kwa kupunguza bila kupima. Dawa ya zote mbili ni mizani, na mtu anayejua kusoma kilichoandikwa.

Mkiona mizani mnayoitilia shaka, msigombane. Andikeni tarehe, mahali na uzito mliopimiwa. Kisha mpelekeeni mtendaji wa kijiji au ofisi ya vipimo. Karatasi yenye tarakimu inasikilizwa kuliko maneno ya hasira.

MANENO YA KUKUMBUKA

GROSS: jumla, kabla ya kutoa
TARE: uzito wa chombo kitupu
NET: kilichobaki baada ya kutoa
NET WEIGHT: uzito halisi wa kitu
NET PAY: mshahara unaobaki
NET PROFIT: faida halisi
MOSQUITO NET: chandarua
FISHING NET: wavu wa samaki

Ukipenda, yaandike maneno haya katika daftari lako, moja kila siku, na utunge sentensi ya Kiswahili kueleza maana yake.

ZOEZI

1. Sema kila NET hapa chini ni "wavu" au "kilichobaki":
(a) NET WEIGHT 25 KG
(b) MOSQUITO NET
(c) NET PROFIT
(d) SAFETY NET

2. Mzee ameuza pilipili manga viroba 3. GROSS ni kilo 93 na gramu 600. Kiroba kimoja kitupu kina gramu 120. Bei ni Sh. 5,000 kwa kilo. Tafuta TARE, NET, na fedha anazostahili kulipwa.

3. Mnunuzi yule yule anataka kukata kilo 2 kwa kila kiroba. Mzee atapoteza shilingi ngapi?

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu, mnunuzi hukata kilo ngapi kwa kila gunia? Nani aliwahi kupima gunia tupu?

2. Je, ni vizuri kila mtu auze peke yake, au tuuze kwa pamoja? Kwa nini?

3. Msimu uliopita, NET yako ya shamba ilikuwa kiasi gani? Kama hukuandika gharama, utaanzaje kuandika msimu huu?

MAJIBU YA ZOEZI

1. (a) kilichobaki, (b) wavu, (c) kilichobaki, (d) wavu.

2. TARE ni gramu 360. NET ni kilo 93 na gramu 240. Fedha ni Sh. 466,200.

3. Atakatwa kilo 6 badala ya gramu 360. Kilichozidi ni kilo 5 na gramu 640. Atapoteza Sh. 28,200.

Ndugu wanakisomo, zamani mtu asiyejua kusoma aliweka dole gumba kwenye karatasi, akaondoka. Siku hizi tunajua kusoma, lakini bado wengi tunasoma jina letu tu na fedha za mwisho, kisha tunatia sahihi. Kati ya jina na fedha za mwisho ndiko makato yanakokaa. Tusome na huko katikati.

Kwa yule mama wa karafuu, na kwa yule mzee wa nyuma, tunasema ahsante. Mmoja aliuliza ingawa darasa lilimcheka, na mwingine aliuliza ingawa mwalimu alikwisha kujibu. Na sisi tumejifunza kutoka kwao: siku hizi hatufundishi neno NET bila kuleta mizani darasani.